Waziri Hasubiri Asilimia

Uliusikia. Usinitazame hivyo. Uliusikia mlio ule ukitoka Jengo la Sauti, tii, tii, tii, mchana kutwa, na wewe ukaongeza sauti ya redio. Mwenzako alipouliza, "Nini kile kinalia?" ukamjibu, "Labda friji ya mtu." Friji ya mtu! Friji gani inalia kuanzia kupanda mpaka kuvuna? Ulijua. Jirani yako alijua. Muuza chipsi wa mbele ya lango alijua, ndiyo maana alihamisha meza yake ng'ambo ya barabara, mlio usije ukawakata wateja hamu. Na siku mlio ulipokoma mkashusha pumzi, mkasema hatimaye serikali imefanya kazi.

Sikulaumu. Uongo, nakulaumu. Lakini kaa kwanza nikueleze ulichokuwa unakikwepa, maana nina hakika ulikikwepa bila hata kukijua, na huo ndio ukwepaji wa daraja la juu, ule wanaofundishwa mabalozi.

Mambo haya yalitokea katika nchi moja ambayo siwezi kuitaja. Si woga. Jina lake ni mali ya serikali, na anayetaka kulitamka hadharani sharti awe na kibali, na ofisi ya vibali hufunguliwa sikukuu tu, na sikukuu ofisi zote hufungwa. Basi tuiite Nchi Ile. Wewe huishi huko, bila shaka. Wewe unaishi hapa, ambako mambo kama haya hayatokei.

*

Nchi Ile ilikuwa na bonde lililoitwa Mkwese. Serikali ilipotaka umeme ikalijaza maji. Watu wa bonde wakapandishwa juu, kwenye mawe ya Kilimahewa, "kwa muda." Watoto waliozaliwa ndani ya muda huo sasa wana wajukuu. Umeme wenyewe uliwapita juu ya vichwa kwenye nyaya nene, ukaenda mjini kuwasha mabango yanayosema MKWESE IMEENDELEA.

Akaja Rais mpya, na kila Rais mpya huja na sikio. Huyu akaunda Tume ya Kusikiliza. Tume ikapanda Kilimahewa na vinasa sauti, ikawaambia watu: semeni. Shamba lako lilianzia wapi, mti gani ulikuwa mpaka, kaburi la babu yako liko upande gani wa mto. Atakayethibitisha kwa sauti atapewa ardhi nyingine, ardhi yenye udongo. Watu wakasema. Wakasema mpaka Tume ikaishiwa betri.

Aliyesema kuliko wote ni Mzee Kasubi. Kabla ya maji, huyu ndiye aliyekuwa akiitwa majirani wakigombea mpaka. Bonde lote alilijua kwa nyayo zake. Alikaa mbele ya kinasa sauti, akafumba macho, akalitembea tena kwa mdomo: "Ukivuka kijito pale kwa Mama Holo, mkono wa kuume kuna mkuyu uliopigwa radi. Huo ni wa Masele, si wa Lubinza, na Lubinza akibisha mkumbusheni ng'ombe aliyenilipa." Alilitembea kwa majuma, hakuruka hata kichuguu. Alipomaliza akaomba maji ya kunywa. Mvua zilipoanza, akafa.

Korti ikatamka kwamba madai yote ya watu wa Mkwese yataamuliwa kwa sauti ya Mzee Kasubi, kwa kuwa ndiyo pekee iliyotaja mipaka yote bila kujipendelea. Hakimu aliisifu mpaka akatoa leso.

Maandishi ya Tume? Yalichomwa moto kwa sherehe, na bendi ilikuwepo. Nchi Ile ilikuwa imejitangaza kuwa serikali isiyotumia karatasi. Hata vyooni hapakuwa na karatasi; msimamo ni msimamo. Na nakala za sauti? Kunakili sauti ya serikali ni kuiba koo la taifa; adhabu yake sitaitaja mbele ya watoto. Kwa hiyo bonde zima, pamoja na mikuyu yake na makaburi yake na ng'ombe wa Lubinza, lilikuwa sehemu moja tu duniani: ndani ya kabati la chuma, ghorofa ya chini, Jengo la Sauti.

*

Kabati hilo alilipanga Injinia Mwanahawa Limbanga. Mama Nyamizi, mjane wa Mzee Kasubi, alizoea kushuka kutoka Kilimahewa kila mwisho wa mwezi kumsikiliza mumewe. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akavaa hedifoni juu ya kilemba, akacheka peke yake. Siku moja akauliza:

"Mwanangu, diski hizi zote hizi. Mume wangu yuko kwenye ipi?"

"Yuko kwenye zote, mama."

"Zote nane? Haya. Hata alipokuwa hai hakuwa mtu wa nyumba moja."

Injinia akacheka mpaka akaegemea kabati. Kisha akamweleza. Humu ndani kuna kadi moja, inaitwa kidhibiti. Kazi yake ni kuzifanya diski nane ziwe kama diski moja. Mashine ikiamka, kabla haijasema lolote, kidhibiti kinafungua ukurasa wake wa mipango, na hapo mtu anaamua diski zikae vipi. Wengine hupanga kila diski ibebe mzigo wake kivyake. Inakuwa haraka sana, mpaka siku moja mojawapo inapokufa na kuondoka na kila mtu. "Mimi nimezipanga zibebane," akasema. "Neno moja nimeliweka hapa, la pili kule, na pembeni zinaweka hesabu ya wenzao. Moja ikifa, zilizobaki zinakaa chini, zinakumbushana, zinamrudisha marehemu neno kwa neno. Hata zikifa mbili."

"Na zikifa tatu?"

"Zikifa tatu, mama, tumekwisha."

"Kama ukoo," akasema Mama Nyamizi.

"Kama ukoo. Ndiyo maana hii ya tisa nimeiweka kando. Haina kazi. Inasubiri tu. Mwenzake akianguka, inaingia papo hapo kwenye nafasi yake."

Mama Nyamizi akaitazama ile diski ya tisa kwa heshima, kama mtu anavyomtazama shemeji aliyekuja msibani kabla hajaitwa.

*

Mkurugenzi Mkuu wa Jengo la Sauti alikuwa Dakta Theofilo Ngwega. Udaktari alitunukiwa na chuo ambacho yeye mwenyewe alikizindua, na chuo hakikutoa shahada nyingine tangu hapo, kwa kuogopa kuishusha hadhi ile ya kwanza. Mwaka huo Nchi Ile ilikuwa kwenye vita na wafanyakazi hewa, na Mkurugenzi alikuwa hajakamata hata mmoja, jambo lililomnyima usingizi na cheo. Ndipo akashuka ghorofa ya chini.

"Hii inafanya kazi gani?"

"Ni ya akiba, Mheshimiwa. Inasubiri."

"Inasubiri. Inakula umeme?"

"Kidogo."

"Inakula umeme wa serikali, inakaa ofisi ya serikali yenye kiyoyozi, haifanyi kazi." Akawageukia wapambe wake, uso umeng'aa. "Hata mke wangu mdogo ana kazi!"

"Mheshimiwa, kazi yake ni kuwepo."

"Hiyo ndiyo kazi yangu mimi, Injinia, na tulishakubaliana ni kazi ya mtu mmoja."

Diski ikaandikiwa barua ijieleze kwa nini isichukuliwe hatua za kinidhamu. Haikujibu. Kamati ya Nidhamu ikakaa, ikala, ikaona kwamba ukimya wa mtuhumiwa ni dharau. Diski ikafukuzwa kazi kwa manufaa ya umma, picha yake ikatoka gazetini ukurasa wa mbele, na mkosaji akapelekwa kifungo cha nje nyumbani kwa Mkurugenzi, ambako alipewa kazi ya kuhifadhi video ya harusi ya binti yake. Mkurugenzi akapewa nishani. Ulikuwepo kwenye gwaride. Ulipiga makofi; nilikuona.

*

Kisha diski ya kwanza ikafa. Hakuna aliyeiua, diski hufa, kama watu. Kidhibiti kikafanya kilichoumbiwa: kikapiga kelele. Tii, tii, tii. Huo ndio mlio wako, ndugu yangu. Ile ndiyo friji yako.

Injinia akaomba diski nyingine. Akajibiwa kwamba ombi limepokelewa kwa furaha. Mlio ukaendelea, ukapanda ngazi mpaka ghorofa ya wakubwa, ukaingia kwenye mkutano wa Mkurugenzi na wafadhili. Siku hiyohiyo ikaundwa Kamati ya Mlio.

Kamati ya Mlio ilikuwa na watu makini. Ilitembelea nchi za nje kusikiliza milio ya huko. Iliporudi ikatoa pendekezo moja: mlio ukome. Mkurugenzi akamwamuru Injinia afungue ukurasa wa kidhibiti.

"Hapo. Pale pameandikwaje?"

"Nyamazisha kengele, Mheshimiwa."

"Si ndiyo hiyo! Waliotengeneza hii mashine wanajua uongozi."

"Lakini kengele siyo ugonjwa. Ugonjwa ni diski."

"Injinia, umewahi kuona mgonjwa anayelala kimya ukasema huyu anaumwa?"

Ikanyamazishwa. Ikafa diski ya pili, kengele ikalia tena, na safari hii ikazimwa isilie milele. Taa nyekundu iliyobaki inawaka mbele ya kabati ikabandikwa picha ndogo ya Rais, na kwa kuwa taa ilikuwa nyuma ya picha, Rais akawa na macho mekundu, yanawaka na kuzima. Wageni walisifu teknolojia hiyo.

Injinia akasema mbele ya kikao, kwa sauti ya chini kama ya mtu anayezungumza na mwenye moyo dhaifu: "Sasa hatuna ziada hata moja. Ikifa diski nyingine, bonde lote limekufa."

"Una tatizo la kukata tamaa," akasema Mkurugenzi. "Diski ngapi zinafanya kazi?"

"Sita."

"Sita kati ya nane! Mimi mtihani wa darasa la saba sikupata hata nusu ya hizo, na leo niko wapi?"

Kikao kikakubali kwamba hoja hiyo haina majibu.

*

Mama Nyamizi aliposhuka mwisho wa mwezi, Injinia hakumficha. Alimwambia kila kitu, na tarehe ya kesi ilikuwa inakaribia. Mama Nyamizi akavua hedifoni.

"Ile ya tisa iko wapi?"

"Nyumbani kwa Mkurugenzi. Ina harusi."

"Twende."

"Mama, siwezi kwenda kwa bosi wangu kudai—"

"Nani kasema unadai? Wewe beba mkoba. Mdomo nitabeba mimi."

Mke wa Mkurugenzi akawapokea ukumbini, penye runinga kubwa kama mlango wa bohari. Mama Nyamizi akakaa mkekani, akasalimia mpaka salamu zikaisha, akasifu pazia, akauliza habari za binti, yule aliyefanya harusi iliyosifika mpaka Kilimahewa.

Mke wa Mkurugenzi akatazama ukuta. "Karudi nyumbani."

"Karudi!"

"Ndoa yenyewe haikumaliza hata keki. Bwana harusi alikuwa na familia mji mwingine. Na baba yake huyu kila wageni wakija anawawekea ile video. Mtoto anajifungia chumbani."

"Aa, mwanangu," akasema Mama Nyamizi. "Video ya ndoa iliyovunjika haikai ndani. Inaita mkosi. Kwetu tungeshaitoa siku ileile."

"Mnaweza kuichukua?"

"Tutakusaidia," akasema Mama Nyamizi, kwa huzuni.

Diski ikarudi kazini bila barua ya ajira. Injinia akaichomeka kwenye nafasi ya aliyekufa wa kwanza, na pale kwenye ukurasa wa kidhibiti ukatokea mstari mwembamba: Inajijenga upya, asilimia moja. Zile sita zilikuwa zimekaa chini, zinakumbushana. Bibi harusi akafutika na shela lake, na mahali pake Mzee Kasubi akaanza kurudi, kichuguu kwa kichuguu.

"Isiguswe tu," akasema Injinia. "Itachukua muda. Ikifika mia, tumepona."

*

Sasa lazima nikueleze jambo moja kuhusu Nchi Ile, ingawa unalijua. Huko kitu hakipo mpaka kizinduliwe, na hakizinduliwi mara moja kikatosha. Kila waziri anayekuja lazima akizindue mwenyewe, vinginevyo atakuwa anaongoza vitu vya mwenzake. Kuna kisima kimoja kimezinduliwa mara nyingi kuliko kilivyotoa maji. Kwenye lango la Jengo la Sauti mawe ya msingi yalikuwa yamesongamana mpaka magari yalipita ubavuni. Mawaziri wote waliotangulia walikata utepe mlangoni wakala wakaondoka, na diski hazikujua kama kuna waziri. Ndivyo inavyofaa.

Lakini Waziri mpya wa Kumbukumbu na Matarajio, Kanali mstaafu Hamduni Chikoti, alikuwa mtu wa kisasa. Utepe hautaki. Anataka kubonyeza.

"Atabonyeza nini?" akauliza Mkurugenzi.

"Kitu kitakachofika asilimia mia mbele ya kamera," akasema Afisa Itifaki. "Mheshimiwa anapenda mia."

Kila kiongozi wa Nchi Ile hupenda mia. Kura huzipata karibu na mia, chanjo hufika mia, madarasa hukamilika mia huku mvua ikiwanyeshea wanafunzi ndani. Afisa Itifaki akashuka chini, akaona mstari mwembamba wa Injinia.

"Hii hapa! Inakwenda mia. Imefika ngapi?"

"Sitini na moja," akasema Injinia. "Tafadhali usi—"

"Itafika mia Waziri akiwa hapa?"

"Hapana. Keshokutwa, pengine."

"Waziri hasubiri asilimia." Akachukua kipanya, akaanza kutembea kwenye ukurasa wa kidhibiti kama mtu anayechagua nyama buchani. "Hakuna nyingine inayofika mia upesi?"

Hapo, wasomaji, msiseme hawakujua. Walijua. Injinia aliwaambia kwa Kiswahili cha kawaida, hakuchanganya hata neno la kitaalamu. Ipo nyingine, alisema, inaitwa Anzisha kwa Haraka. Inafika mia kabla hujakohoa. Inafika upesi kwa sababu haijengi kitu. Inafuta mlango wa kila kitu kilichomo ili diski zianze upya kama zimezaliwa leo. Inayookoa inakwenda polepole. Inayoangamiza inakwenda mbio.

Afisa Itifaki akamsikiliza mpaka mwisho, akaandika mkononi: Anzisha kwa Haraka, mia, kabla hajakohoa.

*

Siku ya uzinduzi ngoma zilipigwa ndani ya chumba cha mashine, na vumbi la ngoma likaingia kwenye feni. Watoto wa shule waliimba wimbo wenye jina la Waziri katika kila mstari na jina la Rais katikati ya jina la Waziri. Injinia alisimama kati ya skrini na wageni mpaka alipoombwa asizibe picha. Alipokataa kuelewa ombi, walinzi walimsaidia kuelewa. Mama Nyamizi alikuwa amekaa safu ya nyuma, miongoni mwa "wanufaika," kavalishwa kofia ya karatasi. Serikali isiyotumia karatasi ilikuwa imepata kibali maalumu cha kofia.

Waziri akahutubia. "Ndugu wananchi! Taifa lisilo na kumbukumbu ni kama... ni kama..." Akageuza ukurasa. Ukurasa uliofuata ulikuwa wa hotuba ya mbolea. Akausoma wote, kwa hisia. Makofi.

Kisha akashika kipanya. Skrini kubwa ukutani ikamwonyesha kila mtu.

Diski inajijenga upya. Ungependa kusitisha? Ndiyo. Hapana.

Wote wakaisoma. Msinielewe vibaya, kusoma wanajua. Lakini katika historia yote ya Nchi Ile hakuna kiongozi aliyewahi kubonyeza Hapana kwenye uzinduzi. Hapana ni neno la wapinzani. Mkurugenzi akaanza kupiga makofi polepole ili kumwongoza. Waziri akabonyeza Ndiyo. Ngoma!

Sauti na taarifa zote zitapotea. Endelea? Ndiyo. Hapana.

"Hapana!" akapaza sauti Mama Nyamizi kutoka nyuma, akavua kofia. "Baba, bonyeza ile ya chini! Hapana!"

Waziri akatabasamu kwa kamera. "Nasikia wananchi wanashangilia," akasema. Ndiyo. Vigelegele vilivyolipiwa vikapigwa.

Je, una hakika?

Nimeishi na kukumbuka mengi, na mengi nimeyashika kwa meno. Lakini swali lile la mwisho sijalisahau. Mashine, chuma tupu, iliwauliza mara ya tatu kama wana hakika. Wewe hukuwauliza hata mara moja.

Ndiyo.

Mstari ukaruka, sifuri, mia. Waziri kweli hakukohoa. Puto zikashuka.

*

Wageni walipokwenda kula, Mama Nyamizi akavaa hedifoni. Akasubiri. Akazivua, akazigonga kidogo kwenye goti kama mtu anayetoa mchanga kwenye kiatu, akazivaa tena. Hakulia. Alimtafuta Injinia kwa macho, akamkuta mlangoni, mkono umefungwa leso.

"Ameondoka?"

Injinia akachuchumaa mbele yake. "Nisikilize, mama. Walichofuta ni mlango. Chumba bado kipo. Sauti zimelala palepale, kama makaburi yenu chini ya ziwa. Maji yamefunika, lakini mifupa haijaondoka. Nikipewa diski hizi kama zilivyo, naweza kumvuta mzee juu. Ila pasiandikwe kitu kingine juu yake. Hata neno."

"Nani ataandika?"

Injinia akaonyesha kwa kidevu. Vijana wa Wizara walikuwa wanaingiza maboksi: hotuba zote za Waziri, tangu akiwa kiranja, zitamiminwa humo mara tu chakula kikiisha, mashine isikae bure kama yule mfanyakazi hewa. "Korti nimeiomba kwa simu amri ya kuzuia. Hakimu atasikiliza Jumatatu."

Mama Nyamizi akainuka. Akafuata waya mweusi kutoka nyuma ya kabati, akautembeza kwa vidole ukutani, polepole, kama mumewe alivyotembeza mipaka, mpaka akafika kwenye plagi. Akaing'oa. Macho mekundu ya Rais yakazima. Akatandika khanga yake sakafuni mbele ya soketi, akakaa juu ya plagi, akanyoosha miguu, akapiga yowe la msiba.

Lile yowe hata walaji walilisikia. Wali ulibaki mdomoni.

*

Katika Nchi Ile wamevunja vyama, maandamano, mechi na hata mazoezi ya kwaya. Matanga hawajawahi kuvunja. Hata yule Rais aliyepiga marufuku mvua siku ya gwaride hakuthubutu. Polisi akikuta watu wamekaa chini, wanawake wamejifunga khanga, anavua kofia hata kama ni yeye aliyeleta marehemu.

Akaja Mkurugenzi, anafuta mdomo. "Nini hiki? Inukeni!"

"Matanga, baba," akasema Mama Nyamizi. "Karibu. Vua viatu."

"Matanga ya nani?"

"Ya mume wangu. Mzee Kasubi."

"Si alikufa zamani huyo!"

"Alikufa mara ya kwanza. Hii ni ya pili. Ile ya kwanza alimchukua Mungu, tukasema kazi yake haina makosa. Hii ya pili aliyemchukua tulimpigia ngoma."

Mkurugenzi akatazama kushoto na kulia. Wafagizi walikuwa wamekwishakaa. Walinzi walikuwa wamevua viatu. Hakuna mtu wa Nchi Ile anayeweza kusimama mbele ya mjane akaondoka bila kusema neno lile. Ulimi wenyewe unakusaliti. "Pole," akasema Mkurugenzi, akakaa, na soksi yake ilikuwa na tundu.

Inspekta aliyetumwa kuwatawanya alileta sukari. Waziri, akihofia kamera, alileta mchele na picha yake juu ya gunia. Kilimahewa ikashuka kwa miguu, ikajaza korido. Usiku hadi mchana walipokezana kulitembea bonde kwa mdomo, kila mmoja kipande anachokikumbuka, na wakikosea mkuyu, Lubinza mwenyewe aliwasahihisha, hata pale palipomuumiza.

Lakini kila desturi ina mlango wa nyuma, na Afisa Itifaki aliusoma. Matanga huishi kwa wanaoingia. Jua likizama bila mwombolezaji mpya kuvuka kizingiti, mkeka unakunjwa, mjane anashikwa mkono anarudishwa kwake. Ndivyo ilivyo tangu mababu. Basi Waziri hakutuma polisi. Alituma tangazo: mechi ya bure uwanjani, muziki wa bure sokoni, barabara ya kuelekea Jengo la Sauti imefungwa kwa matengenezo. Hakukataza mtu. Alijua hana haja. Alikuwa anakutegemea wewe.

Leo ni Ijumaa. Tangu asubuhi hajaingia mtu. Waliokuwamo wamo, lakini waliokuwamo hawahesabiki. Vijana wa Wizara wamekaa juu ya maboksi ya hotuba, wanatazama dirishani, na jua limeshagusa paa la benki. Mama Nyamizi amekaa juu ya plagi, anauangalia mlango.

Nilisema huishi huko. Nilikuwa naonyesha adabu, na adabu yangu imekwisha. Unaijua njia. Barabara haijafungwa; wameweka mapipa mawili na kamba. Huhitaji kumjua marehemu. Huhitaji kuwa shujaa; anatakiwa mwombolezaji mmoja, mwenye miguu, anayejua kusema pole. Leo wewe. Kesho mlete jirani yako wa friji, na keshokutwa jirani yake, mpaka Jumatatu.

Zima redio hiyo. Viatu utavivua huko huko. Inuka.